Mashimo Sita kwa Mkono Mmoja

Mume wangu aliamini kwamba shimo la gofu, yaani njia yote toka pigo la kwanza mpaka kwenye kopo la kuingizia mpira, huchezwa kuanzia mwisho. Unakwenda kwanza kwa miguu yako mpaka penye kopo, unageuka, unatazama ulikotoka, ndipo unajua pigo la kwanza liuache mpira wapi. Alinieleza hayo mwaka 2012, tulipohamia Kasulu kutoka Kibondo. Nikamwambia mtu mzima anayezunguka malishoni akitazama nyuma ya kopo la mafuta ya kupikia anahitaji kuombewa. Alicheka. Siku hizo alikuwa mwepesi wa kucheka.

Yeye alikuwa bwana mifugo wa serikali, mimi mwalimu wa sekondari. Kwao ni Mufindi, kwenye mashamba ya chai, ambako wakubwa wa shamba walikuwa na uwanja wao na watoto wa wafanyakazi wakajifunza mchezo kwa kuchungulia. Alikuja nazo Kigoma fimbo nne, zimefungwa kwenye gunia. Tulipopewa nyumba upande wa Heru Juu, juu ya bonde la malisho, mimi nilikuwa bado natoa vyombo kwenye maboksi, yeye ameshashuka bondeni na jembe. Alifukia makopo sita. Kuzunguka kila kopo alimwaga udongo wa kichuguu, akaunyunyizia maji na kuushindilia mpaka ukawa laini kama sakafu ya jikoni. Kufyeka aliwaachia ng'ombe. Majirani walitazama kwa siku kadhaa, kisha wakakubaliana kwamba Bwana Mifugo anatega fuko.

Mimi sikucheza. Mashimo yale niliyajua kwa kusimuliwa tu, maana kila jioni aliyaleta mezani, ugali wa muhogo ukipoa mbele yake.

La pili ndilo lililomtia adabu. Njia ya sokoni inalikata katikati. Katika gofu, mtu akiinua fimbo, watu wote wananyamaza. Kwa Waha, wenyeji wa huku, mtu akikukuta anakusalimu, na salamu yenyewe si neno moja la kutupiana. Ni Mwakeye, ni viganja vinavyopigwa taratibu, ni habari za nyumbani, za watoto, za shamba, halafu viganja tena. Basi mama mmoja mwenye kapu la maharage kichwani alimsalimu fimbo ikiwa hewani. Mume wangu alipiga kwanza, akautazama mpira mpaka ulipotua, ndipo akageuka kuitikia. Mama alikuwa ameshakwenda. Juma lile hakuna aliyeleta ng'ombe kwenye josho. Ilibidi azunguke nyumba kwa nyumba, akiinama na kupiga viganja, mpaka watu wakaridhika kwamba hana kiburi, ana ujinga tu. Tangu hapo mkakati wa shimo la pili ukawa huu: tazama njia juu na chini kabla hujashika fimbo, na akitokea mtu, weka fimbo chini, msalimu mpaka mwisho, mwache apotelee kwenye kona, ndipo upige. Siku ya gulio shimo hilo lilimalizika jua likiwa limeshainama.

Kiharusi kilimkuta mwaka 2013, mvua zikielekea kuisha, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Kilichukua upande wa kulia. Hospitalini walimrudishia uhai na sehemu kubwa ya maneno, lakini mkono ulining'inia na mguu ukawa wa kuburuta. Daktari alinivuta pembeni akaniambia waziwazi: mzee atembee, kila siku, hata kama ni hatua chache, maana asipotembea sasa hatatembea tena.

Hakutembea. Alikaa barazani, kiti kimegeuzwa kuelekea ukutani, mgongo kwa bonde. Hakutaka watu aliowafundisha kumwangusha fahali wamwone akivuta mguu. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamletea samaki, migebuka ambayo anaipenda. Alikula migebuka na kubaki palepale. Mimi si mtu wa subira, wanafunzi wangu wote watakuambia. Usiku nilikuwa naogopa, mchana nilikuwa na hasira, na sikuweza tena kutofautisha kimoja na kingine.

Asubuhi moja ya Jumamosi hasira ilishinda. Nilichukua gunia la fimbo, nikashuka mpaka mwanzo wa shimo la kwanza, chini kidogo ya nyumba, nikaweka mpira na kupiga. Nikapiga hewa. Nikapiga tena, nikang'oa donge la udongo. Mara ya tatu mpira ulikwenda moja kwa moja kugonga kichuguu kikubwa kilicho katikati ya shimo, ukarudi karibu na miguu yangu.

"Kushoto!" ilitoka sauti barazani. "Kichuguu kipitie kushoto!"

Kiti kilikuwa kimegeuka.

Nikapiga kulia, makusudi.

"Mwalimu! Kulia ardhi imeinama, utatumbukia korongoni! Njoo hapa nikuoneshe."

"Siji," nikamjibu. "Ukitaka kunionesha, njoo wewe."

Nilimgeuzia mgongo, nikaweka mpira mwingine. Ilichukua muda. Nilisikia fimbo ya kutembelea ikigonga saruji, kisha ukimya, kisha ikigonga tena. Alipofika ngazini nilikimbia kwenda kumshika, maana hasira yangu haikuwa na nguvu kiasi hicho. Siku hiyo alifika mwanzo wa shimo la kwanza, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanitukana kwa adabu mpaka saa ya chai.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi nilicheza, yeye aliongoza, na ili aongoze ilimbidi aone, na ili aone ilimbidi afike. Nilimshika mkanda wa suruali kwa nyuma, fimbo nimezikumbatia kwapani. Tukilimaliza shimo moja vizuri, yaani mimi bila kumwaibisha na yeye bila kuanguka, tulihamia linalofuata.

La kwanza lilituchukua kiangazi karibu chote. Kufika la pili tulikutana na njia ya sokoni, na hapo akagoma. Alikuwa anaogopa salamu. Angepigaje viganja kwa mkono mmoja? Tulikuwa tunasubiri njia iwe tupu kabisa ndipo tuvuke, kama wezi. Mjane mwenye shamba la mihogo kando ya shimo la tatu ndiye aliyetukamata. Alitoka mihogoni, akatusalimu, akauona ule mkono uliolegea. Hakusema pole. Aliuinua kwa mkono wake wa kushoto, akaupiga kiganja kwa kiganja chake cha kulia, taratibu, huku akiuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Kisha akaurudisha mahali pake kama mtu anayerudisha kikombe mezani. Tangu siku hiyo hatukujificha tena.

Shamba lake ndilo lililokuwa shida ya shimo la tatu. Mpira ukiingia mihogoni huuchukui mpaka umwite mwenyewe, naye hutoka na maneno, na viazi, na habari za mkwe wake. Mstari mfupi wa kwenda kopo unapita karibu kabisa na mihogo. Mume wangu alinifundisha kuelekea upande mwingine, penye majani marefu, ambako mpira hauonekani vizuri lakini hauna mtu. "Njia ndefu unayoijua," alisema, "usiibadilishe kwa fupi inayokuita." Nilimuuliza kama anazungumzia gofu. Akasema anazungumzia gofu, niache ualimu.

La nne linapanda kuelekea josho. Pale alianza kushika fimbo mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ile fupi. Mpira wake ulikwenda umbali wa kutema mate. Zamani alikuwa akilipanda lile kwa mapigo mawili, sasa alilipanda kwa mapigo mengi madogo, na kila pigo lilimdai hatua mbili tatu za kuufuata mpira. Niligundua kwamba alikuwa akipima mpira kwa mguu wake: hakuupiga mbali zaidi ya alikoweza kufika bila kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba, nilimwambia. Akanijibu kibaba chake kina tundu, lakini alipanda.

La tano ni tambarare, refu, na upepo unatoka mbele. Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika tulikuwa pale, naye akaniambia nisimshike mkanda, namharibia pigo. Niliuachia. Nilitembea nyuma yake, mikono mbele, kama mtu anayemfukuza kuku bila kutaka kumshtua. Kwenye la tano nami nilianza kuupiga mpira sawasawa, ukaruka, na nilisikia raha mpaka kwenye mabega. Sikumwambia. Angevimba kichwa.

Likabaki la sita. Kopo lake liko ng'ambo ya kijito, na kijito kinavukwa kwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba. Mchezaji mgeni angetaka kuuvusha mpira kwa pigo moja kutoka juu, na maji yangeumeza. Mume wangu alilipanga hivi: simama kabla ya maji, pumzika, pigo dogo la kuvuka, kisha vuka wewe. Tulilicheza hivyo mara nyingi, mimi nikitangulia kinyumenyume juu ya magogo, nimemshika mkono wa kushoto, tukitazamana machoni. Nadhani hatukuwahi kutazamana vile hata siku ya harusi. Sikutaka liishe, ndiyo kweli yenyewe. Daktari alikuwa ameshasema mzee anaendelea vizuri, na mimi nilikuwa nimezoea kuhitajika.

Kisha asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda kitupu na fimbo fupi haipo.

Nilitoka na kanga begani. Sikumwona la kwanza, wala la pili. Mjane alikuwa shambani, akaninyooshea kidole bondeni bila kuulizwa. Nilipofika pale la tano linapoishia na bonde kuanza kuteremka, nikamwona. Alikuwa ameshavuka magogo. Alikuwa ng'ambo, peke yake, hatua chache kutoka kwenye kopo, amesimama juu ya mpira.

Aliinua fimbo, mguu wa kulia ukateleza, akaanguka ubavu.

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka kwenye kichaka cha mwisho kabla ya kijito, na pale nikajizuia kwa kulishika tawi. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Alilala chini akitazama majani. Akavuta goti la kushoto. Akaisimika fimbo, akaipanda kwa mkono mmoja kama mtu anayepanda mti mwembamba, akashindwa, akakaa, akapumua, akaipanda tena. Akasimama. Akajipangusa. Halafu akautafuta mpira, akaupiga, akauingiza.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikabandika chai. Alipofika, suruali yake ilikuwa na tope kuanzia nyongani mpaka kwenye ndara. Nilikuwa nimeamua kutoliona.

"Umepigaje?" nikauliza.

"La sita nimelimaliza kwa mapigo saba."

"Saba si mbaya."

"Ni sita na moja ya adhabu. Nilianguka nikausogeza mpira."

Nilimwambia hakuna aliyemwona, kwa nini aihesabu? Akaketi, akajivutia kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Wewe uliniona," akasema. "Kanga yako nyekundu, Mwalimu. Nilikuwa naomba usije."

Nilimmiminia chai, na nyingi ilikwenda mezani. Nililia, naye akaniacha nilie, akinywa chai yake.

Kesho yake alichukua fimbo akatoka. Sikumfuata.