Mbao Zilizoachiwa Mshono

Shangazi yangu hajui kukaa. Hata chakula hula amesimama, mkono mmoja kwenye sahani, mwingine ukitafuta bisibisi. Kwa miaka thelathini ametengeneza cherehani za mtaa mzima katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kwa kuwa hata nguo zake za kutokea hunukia mafuta ya mashine, watu humwita Mama Mafuta.

Mwaka huu macho yamemgeuka. Penye sindano huona ukungu tu. Mikono bado inajua kazi, lakini haiwezi kuchagua kitu katika ndoo na magunia yaliyojaa chumba kile. Mwezi uliopita alishika kopo lisilo lenyewe, akaitia cherehani ya mteja vanishi badala ya mafuta. Gurudumu likaganda kama jiwe. Mumewe ni mshona suti aliyestaafu, na kwa jinsi anavyopenda kupima huitwa Mzee Kipimo. Siku ile alisema, "Likitokea la pili, mke wangu, tunafunga karakana. Jina ulilolijenga miaka yote usilibomoe mwenyewe."

Shangazi hakubishana. Duka la viatu la jirani lilikuwa linafungwa, akaomba rafu zake kuukuu. Zilikuja vipande vipande: nguzo nne na mbao kumi zilizouzidi ukuta wa karakana kwa urefu, bado zina vibandiko vya namba za viatu. Alitaka kila kitu kiwe na kiti chake, ili mkono ukienda, ufike.

Siku tatu hakutulia. Aling'oa misumari kwa koleo, akainyoosha kwa nyundo, akazipiga mbao msasa huku akiuliza kila mara, "Saa ngapi sasa?" kana kwamba kuna gari la kuwahi. Kazi moja tu ilimshinda: kuona alama ya penseli. Akamwita mumewe.

"Baba watoto, nichoree mbao. Kutoka nguzo hadi nguzo, ndani kwa ndani."

"Kupima? Huko ndiko nilikozaliwa," akajibu Mzee Kipimo.

Akapima nafasi ya nguzo ukutani, akachora. Mimi nikashika msumeno, nikaufuata mstari kwa uaminifu wote. Tukasimamisha nguzo ukutani, shangazi akabeba ubao wa kwanza. Haukuingia. Wa pili nao haukuingia. Akazipapasa ncha zake.

"Umezidisha."

"Haiwezekani! Nimepima mara mbili."

"Vidole viwili huku, viwili kule. Mbao zote kumi! Mzee, kama hutaki nifanye kazi, sema kwa mdomo. Usiniambie kwa penseli."

Mzee akatoa tepu yake ya kitambaa, akapima upya. Ghafla akajikalia juu ya ndoo.

"Lo! Nimeacha mshono."

"Umeacha nini?"

"Ile akiba ya kushonea. Kila upande. Mkono umejiendea wenyewe, kama ninakata koti."

Nilidhani shangazi angecheka. Hakucheka. "Kwa hiyo ubao huu utaukunja pindo? Au utautia lastiki?"

Mzee akaikunja tepu. "Kutaka upumzike, nataka. Sikufichi. Sipendi kukuona ukiaibika mbele ya watu. Lakini kuharibu kazi ya fundi mwenzangu, hilo siliwezi hata nikitumwa."

Akaninyang'anya msumeno. Mtu ambaye maisha yake yote hakukata kitu kigumu kuliko sufu akapiga goti, jasho likimtiririka. Shangazi alipima kwa shubiri zake, akaweka kidole gumba mahali pa kukata.

"Hapa. Na ukifika kwenye kucha, usimame!"

"Kucha ya nani?"

"Endelea kunichekesha, utanikata."

Kesho yake adhuhuri mbao zote kumi zilikuwa zimekaa. Shangazi alipanga, akapangua, akapanga tena: mafuta juu kushoto, springi katikati, vanishi chini kabisa pembeni, katika chupa ya shingo nyembamba ambayo mkono hauwezi kuisahau. Alikuwa hajamaliza wakati mteja alipoingia na cherehani inayoruka mishono. Mzee akasimama mlangoni, midomo ameibana.

Shangazi akaifungua mashine, akaisikiliza kwa vidole. Akainuka, mkono ukaenda rafuni, ukatoa springi. Akaibinyabinya. Akairudisha, akachukua ya kando yake, akaifunga ndani ya mashine. Kisha juu kushoto. Kabla ya kumimina alinusa kopo, akatia matone mawili, kisha akashona mstari mmoja kwenye kitambaa cha majaribio.

"Mzee, njoo usome mshono."

Mumewe akavaa miwani, akakinyanyua kitambaa mwangani. Hakuwa na haraka, wala hakuonea huruma hata tundu moja la sindano.

"Umenyooka," akasema hatimaye.

"Haya, anayefuata!"

"Hakuna mwingine, shangazi," nikamwambia.

"Hakuna?" Tayari alikuwa akifuta mikono kwa tambara, akizunguka meza. "Basi Mzee, lete ile cherehani yako. Tangu ustaafu imelala tu. Haya, twende, unangoja nini?"