Ukuta Mnyoofu Kwenye Safu Iliyopinda

Chumba kile kilinigharimu shilingi elfu kumi na nne, pamoja na chai ya fundi na ukuta mmoja niliolipia mara tatu: kuujenga, kuubomoa na kuujenga tena. Nimehesabu mara mbili nikitumaini gharama itapungua. Haikupungua.

Tulikuwa tukikaa upande wa Makongeni, miaka ya tisini, katika safu ya nyumba kumi na saba za mawe iliyopinda kama nusu ya sinia. Wageni walidhani aliyezichora alikuwa amelewa. Marehemu baba, aliyefanya kazi ya reli hadi walipopunguzwa, alikuwa na maelezo yake. Zamani, alisema, reli ya kuleta makaa ilipita mbele ya milango yetu, na gari moshi halikati kona kama mtu anayemkwepa mdai; linazunguka taratibu. Nyumba zikafuata reli. Baadaye vyuma viling'olewa, nyumba zikabaki zimepinda kwa heshima ya kitu ambacho hakipo.

Zilikuwa nyumba nzuri, ingawa si busara mpangaji kusifu nyumba mwenye nyumba akisikia. Mawe yalichongwa kwa mkono, na ukipitisha kiganja ulihisi alama za patasi. Juu kulikuwa na vigae vyekundu na dohani moja kwa kila nyumba mbili. Kila nyumba ilikatwa kama kipande cha chapati: mbele pana, nyuma nyembamba. Yetu nilipima futi kumi na tatu mbele, kumi nyuma. Nikapima tena, ikawa vilevile. Kila kabati tulilonunua sokoni Gikomba liliacha kwenye kona pengo la kupita paka.

Hayo yote niliyajua. Ndiyo maana bado naona aibu.

Mama alikuja kutoka kijijini kwetu Magharibi mguu umevimba, akitakiwa kliniki kila wiki. Tulikuwa na vyumba viwili, mimi, mke wangu na watoto watatu. Mama alilala kwenye kochi lililokuwa fupi kuliko yeye, na wiki ya sita akaanza kusema afadhali arudi nyumbani, asitusumbue. Nyumbani hakukuwa na kliniki. Nikaamua kumjengea chumba uani, kama walivyokuwa wakijenga wengine.

Fundi nilimtoa Kayole. Tulivutana bei asubuhi nzima, tukakubaliana mahali ambapo kila mmoja alinung'unika, yaani palikuwa sawa. Kisha akasimama uani, akafumba jicho moja.

"Boss, hapa panafunga. Ukienda nyuma panazidi kuwa pembamba. Huu ukuta wa kulia tuulaze kidogo kuelekea ndani."

"Kuulaza ni pesa ngapi?"

"Mia nane juu. Mawe ya kukata mshazari yana kazi."

"Fundi, hiyo mia nane umeiona uani ama mfukoni mwangu?"

Akacheka. "Haya. Nyumba ni yako."

"Piga skwea, pembe zote ziwe sawa."

Maishani nimekutana na mafundi wengi ambao kazi huongezeka ghafla mkishapatana bei. Huyu nikamweka kundi hilo. Akapiga skwea. Kushoto kulikuwa na mtaro wa maji, kwa hiyo chumba kikaegemea kulia, kwa jirani. Kati yetu hakukuwa na uzio. Mpaka ulikaa vichwani mwa watu.

Jirani huyo alikuwa mjane wa asili ya Pwani, safu nzima tukimwita Shangazi. Aliishi kwa kukaanga mahamri uani na kuwauzia watu wa viwandani wakienda kazini. Wakati huo alikuwa Mombasa, kwenye matanga ya dada yake.

Aliporudi, mama alikuwa na siku nne katika chumba kipya. Shangazi aliingia kwanza kumjulia hali, wakapeana pole, mguu kwa msiba. Kisha akatoka, akaniita. Kona ya chumba ilikuwa imeingia kwake futi mbili, palepale lilipokuwa jiko lake. Wajenzi walikuwa wamelisogeza kwa adabu hadi mlangoni pa choo.

"Mwanangu, ukuta huu umenyooka kweli."

"Ndiyo, Shangazi."

"Safu nzima imepinda, wako tu ndio umenyooka."

Akalielekezea jiko kidole.

"Mahamri nikaange mlangoni pa choo? Yatanunuliwa na nani?"

Nikajaribu kupatana, ndiyo kazi ninayoijua. Nikamwambia nitamwekea kibanda cha mabati upande wake wa pili, kwa gharama yangu.

"Upande wa pili kuna mwenyewe. Nami nimwambie asogee? Tutasogezana hivyo hadi nyumba ya mwisho, yule wa mwisho akakaangie barabarani."

Mama alikuwa akitusikia. Sauti ikatoka ndani, ya mtu aliyekwisha kufunga mzigo: "Bomoeni tu. Mimi Jumamosi naenda zangu."

"Wewe lala," Shangazi akamjibu kupitia ukutani. "Hakuna anayekufukuza hapa."

Kisha akanigeukia, akingoja bei yangu. Nikakaa juu ya mawe yaliyobaki.

"Shangazi, nishauri. Nianze kubomoa wapi, ili mama asitoke kitandani na wewe kesho uwashe jiko?"