Zamu ya Maji ya Gulchera

Kabla hajakabidhiwa funguo za malango ya mfereji, Nekqadam ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo kila mwaka, theluji ya milima ya Pamir ikianza kuyeyuka. Alizoa tope la upande wake na la majirani. Kaka yake alipofariki, alimwagilia miti ya aprikoti ya mjane, Gulchera, bila hata kuombwa. Ndiyo maana kijiji kizima kilimchagua agawe maji.

Mwaka wa kwanza aligawa sawasawa. Wa pili, watu wakaanza kumletea siagi na mikate ya moto, naye akazoea. Viazi vyake vikawa vinakunywa kwanza. Aliyetaka zamu yake isisahaulike, alikwenda kumpalilia.

Kiangazi hicho mto ulipungua. Gulchera akamfuata langoni.

"Shemeji, leo siku ya tisa sijapata maji. Miti inaangusha matunda mabichi."

"Na wewe nawe! Nani halii hapa? Kapalilie viazi vyangu, kesho tutaona."

"Nilipalilia juzi, shemeji."

"Basi ulibakiza upande wa chini."

Wanaume waliokuwepo wakacheka. Gulchera akaenda, akaupalilia upande wa chini mpaka akaumaliza. Kesho yake maji yakapelekwa kwa mtu aliyekuwa amemchinjia Nekqadam kondoo. Wala Nekqadam hakumkusudia shemeji yake ubaya. Alimsahau tu, na hilo ndilo lililokuja kumkosesha usingizi.

Majani yalipoanza kupukutika, alisikia shoka. Akamkuta Gulchera anakata miti iliyokauka, miti ambayo marehemu aliipanda huku Nekqadam akimshikia miche.

"Lete shoka nikusaidie."

"Usijichoshe, mkubwa. Karibu chai."

"Mkubwa? Gulchera, mimi si shemeji yako?"

"Ndiyo, mkubwa."

Hakusema kwa kejeli. Aliinamisha macho, akasogea nyuma hatua moja. Alikuwa anamwogopa. Nekqadam akaketi juu ya gogo, akalia kwa sauti, kilio ambacho hata kwenye mazishi ya kaka yake hakukilia.

Alirudisha funguo wiki hiyohiyo. Theluji ilipoyeyuka tena, akapanda miche thelathini kwenye shamba la Gulchera, akaibebea maji kwa ndoo. Yote ikashika. Gulchera hakungoja izae. Alihamia kwa binti yake ng'ambo ya mlima. Aliaga nyumba zote za kijiji, ya Nekqadam akaipita.