Nyevu na Sheria ya Chang'aa

Nyevu, mjane wa Kibarani aliyeishi kwa kupika pombe ya chang'aa, alisikia redioni kwamba Bunge limeipiga marufuku. Tangu siku hiyo kila kishindo cha viatu alikidhania cha askari. Mwisho alimwendea Mzee Athman, karani mstaafu wa mahakama.

"Shikamoo. Nitafungwa kwa mitungi niliyo nayo ndani?"

"Marahaba, mwanangu. Sheria haishiki mtu kwa kupitishwa tu. Huanza siku inayotajwa katika Gazeti la Serikali."

"Siku gani hiyo?"

Mzee alifunua gazeti hilo, akafuatisha mistari kwa kidole.

"Leo."

Alirudi mbio, akamwaga pombe yote chooni. Alasiri askari walikuja, wakapekua, wasipate kitu. Walipoondoka, Nyevu alikaa sakafuni kando ya mitungi mitupu.