Kiti cha Baba

Zoezi la darasa la jioni la kompyuta pale Ntinda lilikuwa rahisi: andika ukoo wako. Lamunu alilianza akiwa bado amefura kwa simu ya mchana. Baba yake mkubwa, Lawrence, alikuwa amepiga kutoka Gulu: Jumamosi, wakwe wakija kumposa Lamunu, yeye ndiye atakayekalia kiti cha baba.

"Baba yako Okidi alikufa. Mimi ndio mkubwa. Hiyo ni mila."

Mila! Huyu aliyeezua mabati ya mjane wa ndugu yake, udongo wa kaburi haujakauka. Aliyemlea Lamunu ni Odoch, kitinda mimba wao, askari polisi, aliyewapokea yeye na mama yake katika chumba chake kimoja cha kambini. Na Odoch, kwa upole wake unaoudhi, alikuwa amekubali kukaa nyuma.

Katika lugha ya kompyuta waliyokuwa wakijifunza huandiki hatua za kufuata. Unaipa ukweli na kanuni, unauliza, nayo inakutafutia kila jibu. Lamunu aliandika kwamba Okidi ni baba yake, kisha Odoch. Mwalimu Nangila, Mkenya wa Bungoma, akachungulia.

"Usiandike mmoja mmoja. Hata kwetu ndugu wa baba ni baba. Weka kanuni."

Akaiweka: baba wa mtu ni aliyemzaa, au ndugu wa aliyemzaa. Akawaorodhesha ndugu kwa umri, kama adabu inavyotaka, kisha akauliza: baba wa Lamunu ni nani? Okidi. Akabonyeza apate jibu lingine. Lawrence. Odoch alikuja mwisho.

"Iko sawa kabisa," alisema Nangila.

Sawa! Alitamani kuitupa kompyuta dirishani. Kanuni haikuuliza nani alinunua unga, wala nani alilala sakafuni ili mtoto apate kitanda. Na kilichomkera zaidi, si Lawrence aliyeiandika. Aliiandika yeye mwenyewe.

Basi akaongeza sharti: huyo ndugu awe amemlea. Chini yake akaandika ukweli mmoja, kwamba Odoch alimlea Lamunu. Akauliza tena. Okidi. Odoch. Akabonyeza, hapakuwa na mwingine.

Alitoka kwenye korido akampigia Lawrence.

"Baba mkubwa, Jumamosi karibu, lakini utakuja kama mgeni. Kiti kina mwenyewe."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Akakata. Kisha akampigia Odoch.

"Baba, suti yako ipige pasi. Wewe ndio unakaa mbele. Na usinibishie."