Rahabu wa Migunga Miwili na Mikono Iliyonyooshwa

Rahabu binti Mughwai wa Alute. Alute ndiye aliyekataa kumbeba bwana mkubwa wa kikoloni kwenye kiti, akasema miguu ya bwana mbona mizima. Mughwai, enzi za kuhamishiwa vijijini, aling'oa mlango wake akaubeba mwenyewe kichwani, mgambo waliokuwa wakibomoa nyumba wasije wakapata cha kujisifia. Na Rahabu mwenyewe, mbuzi wa jirani alipokamatwa kwa ajili ya michango isiyolipwa, alikwenda ofisini na mzigo wa majani, akakaa humo akimlisha mbuzi mpaka harufu ikawashinda wenye ofisi. Mbuzi akarudi kwao. Watu wakamchagua Rahabu mwenyekiti wa kitongoji cha Migunga Miwili, upande wa Issuna, na hawajapata wa kumng'oa.

Mwaka huu, watu wakiwa wanapiga alizeti, alikuja mheshimiwa mmoja aitwaye Antipasi, mwenye cheo kirefu hata yeye mwenyewe alikisoma kwenye karatasi. Mgambo walipuliza filimbi, wakakusanya waliokuwa karibu. Wengi walibaki mashambani.

"Migunga Miwili hoyee!"

"Hoyee!"

Rahabu hakuitikia. Aliwatazama watu wazima wenye wajukuu wakipiga kelele kama vifaranga vilivyoona pumba, akasonya.

"Anayetaka maendeleo anyooshe mkono!"

Mikono ikapaa. Mkono wa mkazi mmoja, Mazengo, ulitangulia, kabla swali halijaisha.

"Ahsanteni sana. Kwa hiyo mkutano umeridhia lambo na malisho yake apewe mwekezaji." Na makofi yakapigwa! Lambo hilo ndilo bwawa pekee la mifugo. Likienda, kiangazi ng'ombe wa Migunga Miwili watakunywa mate yao.

Rahabu akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Kijana, hujanisalimia."

Antipasi akababaika. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa na mimi nina swali kwa wananchi. Anayemtakia mheshimiwa afya njema anyooshe mkono!"

Mikono yote juu. Antipasi naye akanyoosha wake, huku anacheka.

"Ahsanteni sana. Kutembea ni afya. Kwa hiyo mkutano umeridhia mheshimiwa arudi kwa miguu, gari libaki hapa litubebee alizeti."

Watu waliangua kicheko, hata mgambo mmoja akageukia pembeni kuficha meno.

"Bibi, mimi hilo sikulisema!"

"Na sisi la lambo hatukulisema."

"Wapo wachache wanaopinga serikali," Antipasi akasema kwa ukali.

"Serikali ni mchungaji tuliyemwajiri, baba. Tangu lini mchungaji akamgawa ng'ombe, kisha akamdai mwenye zizi makofi? Mnatuambia tuko huru kwa sababu kila Desemba tunapigiwa ngoma. Uhuru ni mtu kumwambia mkubwa 'hapana' mchana kweupe, na jioni akala ugali wake na mlenda nyumbani kwake. Basi mimi nasema hapana. Na jioni nitakula."

Antipasi alikunja karatasi zake. Akasema atarudi wiki ijayo, kura ipigwe upya mbele ya kitongoji kizima, aone kama na wengine ni wakaidi. Vumbi la gari lake lilipotulia, Mazengo akamsogelea Rahabu.

"Mama mwenyekiti, umetuaibisha mbele ya mgeni."

"Mgeni? Mgeni huja na kuku, haondoki na lambo. Wewe uliponyoosha mkono ulikuwa unataka nini?"

"Si ni maendeleo, mama. Nani hataki maendeleo?"

"Yapi?"

Rahabu hakumwonea huruma. Wenye vyeo hakuwaogopa kamwe. Aliowaogopa ni hawa wa aina ya Mazengo, wanaogawa mali ya watu kwa adabu.

"Sikiliza. Waliobaki mashambani hawajui kilichotaka kuwapata, na huyu akirudi atawakuta wamelala kama alivyokukuta wewe. Utapita nyumba kwa nyumba, leo hii. Uwaambie uliulizwa nini, ukajibu nini, na wangepoteza nini. Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Sawa, mama. Nitaanzia kwa Elisha, pale jirani."

"Hapana. Utaanzia kwa mama mkwe wako. Ng'ombe wake wote wananywa pale."

"Mama! Nitamwambiaje mkwe wangu maneno kama hayo?"

"Ukiwa umeinamisha macho, kama desturi inavyotaka. Nenda, jua linakwenda."