Sare ya Kemunto Pichani

Harufu ya majani chai yaliyokaushwa kiwandani iliingia hadi kwenye nguo zetu, hata zilizofuliwa. Tuliishi kwenye nyumba za laini, vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa safu, katika shamba moja la chai karibu na Kapsoit, sisi tuliotoka Kisii. Mama alichuma majani tangu alfajiri. Dada yangu Kemunto, mwenye miaka kumi, alikuwa ameachishwa shule ili ambebe mdogo wetu. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, na kila asubuhi nilimwacha mlangoni, mtoto mgongoni, akinitazama hadi nipotelee kwenye michai.

Jumapili moja mpiga picha alikuja kwa baiskeli. Baba alitaka picha yetu ampelekee mama yake nyumbani. Mama alizipiga nguo zetu za Krismasi pasi ya makaa, nami nikavaa yangu. Kemunto alitoka amevaa sare ya shule, samawati iliyopauka, pindo limeshushwa mara mbili na mikunjo ya zamani bado inaonekana.

“Hiyo ni ya kila siku,” Mama akamwambia. “Vaa ile ya maua.”

“Mama, niache na hii. Sijaivaa siku nyingi.”

Mama akainama akamfunga mshipi vizuri.

Mwezi uliofuata Nyanya alishuka kwenye basi na kikapu cha wimbi. Alikunywa chai polepole, kisha akaifungua leso yake, akatoa ile picha.

“Huyu amevaa nguo ya shule,” akamwambia Baba. “Mbona nasikia anashinda nyumbani?”

Baba aliangalia chini. “Mtoto hana wa kumshika, Mama.”

“Basi nimekuja kumshika. Kesho Kemunto aende shule.”

Akakaa nasi miaka miwili, shamba lake akimwachia jirani.

Siku hizi wajukuu wangu hupigwa picha kwa simu kutwa nzima, na nyingine hufutwa kabla sijaziona. Siwalaumu. Mimi nina hiyo moja tu ya utoto wangu. Kemunto alifundisha hadi akastaafu. Juzi nilimuuliza, kwa kuvaa sare siku ile ya picha, alitaka kumwambia nani kwamba ameachishwa shule. Akasema hakutaka kumwambia mtu. Alijua tu kwamba picha hukaa, naye akataka akae humo akiwa mwanafunzi.